Hakuna Aliyekubali Kukaa

Matroni alirudi nyumbani Jumamosi, na mapokezi yalikuwa makubwa kiasi kwamba nusura yamrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwanza, mteremko. Zamani mlango wa mbele ulikuwa na ngazi, ngazi za kawaida tu za saruji, zenye ufa ambao kila mgeni aliusalimia kwa kidole gumba cha mguu. Sasa ngazi hazipo. Mahali pake pamechomoza kitu kifupi, kikali, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, na pembeni kimepakwa rangi nyekundu utafikiri kinasubiri waziri aje akate utepe. Aliyekibuni alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni, kifua mbele. Huyo ndiye Mjomba. Ni mdogo wake Matroni, tumbo moja, lakini ukoo mzima pamoja na majirani na mwenye duka wanamwita Mjomba, na yeye amelipokea kama cheo.

"Karibu nyumbani, dada! Habari ya ngazi imekwisha. Sasa ni kuteleza tu kama malkia!"

"Kuteleza nakuona," Matroni akajibu kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. "Kupanda ndiyo bado."

Kiharusi kilikuwa kimemchukulia upande wa kushoto, mkono na mguu. Ulimi kiliugusa kidogo, kikaona moto, kikauacha. Maneno yake yalitoka taratibu kuliko zamani, lakini yalifika, tena yalifika pale pale alipoyatuma. Huyu ni mtu aliyekaa maisha yake yote ya kazi akiwa matroni wa bweni la wasichana, na cheo kikageuka jina. Mabinti waliojifanya wanaumwa tumbo asubuhi ya mtihani wanamkumbuka mpaka leo.

Bosi akashika vishikio vya kiti. Bosi ni mtoto wake wa kwanza, mkubwa fulani kwenye ofisi ya bima, mtu ambaye hata akija kumsalimia mama yake anaingia kama anayekagua jengo lililoungua. Akavuta pumzi, akasukuma. Kiti kikapanda, kikapanda, kikafika katikati, kikatafakari, kikaanza kurudi.

"Shikilia!" Mjomba akapiga kelele kutoka juu.

"Nimeshikilia!" Bosi akajibu huku viatu vyake vya ofisini vikirudi nyuma pamoja na kiti.

"Mama, tabasamu!" hiyo sauti ya tatu ilikuwa ya Redio, kitinda mimba, amemaliza chuo juzi tu, na habari yoyote ikiingia sikioni mwake haijawahi kulala humo. Simu ilikuwa juu, anarekodi. "Tabasamu Mama, watu wa kundi la familia wanasubiri!"

"Tabasamu la nini, mwanangu? La kuwaaga?"

Mwisho wa yote dereva wa teksi akawahurumia, akashuka, wakamnyanyua Matroni na kiti chake, wakamwingiza ndani juu juu kama sofa jipya.

Na ndani sasa, jamani, ndani!

Kitanda kilikuwa sebuleni. Tena hakikuwekwa pembeni, la hasha, kiliwekwa katikati kabisa, kinatazama mlango, ili mgeni akifungua tu amkute mgonjwa bila kuhangaika kumtafuta. Kilikuwa kimepandishwa juu ya matofali. Matroni alipokalishwa ukingoni, miguu ikaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi.

"Tumekiinua ili anayekuhudumia asiumie mgongo," Mjomba akaeleza.

"Na mimi nikitaka kushuka?"

"Unaita tu, dada! Si ndiyo maana tupo?"

Chini palikuwa na zulia jipya, chaguo la Redio, lenye manyoya marefu ambayo fimbo ya Matroni ilizama ndani yake kama kwenye matope. Jikoni sufuria zote zilikuwa zimepandishwa kabati la juu ili Mama asije akajisumbua. Visu vimefichwa. Sukari nayo imepelekwa huko juu ambako Bosi, na urefu wake wote, anaifikia kwa kuchuchumia. Kila mmoja alikuwa anaonyesha alichofanya yeye, na kila mmoja alikuwa anamtazama usoni akisubiri ahsante.

Wamenijengea makumbusho, Matroni akawaza, na sanamu ndiyo mimi.

"Ahsanteni wanangu," akasema. "Mmejitahidi mpaka mmepitiliza."

Wakafurahi kweli. Redio akatokwa na machozi.

Lakini fahari ya nyumba ilikuwa msalani. Mjomba alimsukuma mwenyewe kwenda kumwonyesha, na hapo akashusha sauti, maana huko ni chooni na yule ni dada yake. Ukutani upande wa kulia, kando ya choo cha kukaa, kulikuwa na chuma cha kushikia, kinene, kinang'aa, kimefungwa kwa skrubu za kutosha kujengea daraja. Ukuta wa kushoto ulikuwa umebandikwa vigae vipya vyenye maua.

"Mkono wako mzima si wa kulia?" Mjomba akanong'ona. "Basi chuma kipo kulia. Hiki kinabeba hata ng'ombe, dada."

"Sitegemei kuja na ng'ombe," Matroni akasema. Lakini safari hii alisema kwa furaha ya kweli, na mkono wake wa kulia ukakishika kile chuma, ukakibana. Kilikuwa imara. Akaona walau mtu mmoja katika ukoo huu ametumia kichwa.

Maana hapo chooni ndipo ilipokuwa kesi yake yote. Bosi alishaitamka siku ile ile, kabla hata mizigo haijafunguliwa, kwa sauti yake ya mikutano.

"Mama, tuelewane mapema. Ijumaa mtaalamu wa mazoezi kutoka hospitali anakuja kukuangalia ukiwa hapa nyumbani. Akiona unajimudu, yaani unaamka, unatembea na fimbo, unakwenda huko... unapokwenda, na kurudi, basi unakaa kwako. Akiona hujimudu, unakuja kwangu na hapa tunapangisha. Chumba chako kiko tayari."

Matroni alikijua hicho chumba. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Na mke wa Bosi, mkamwana wake, ni mtu mwema mpaka inatisha: mara ya mwisho Matroni alipokaa kwao, alinyang'anywa hata kikombe alichotaka kusuuza, akakalishwa mbele ya televisheni, akawa anaulizwa kwa sauti ya uwanja wa ndege kama anataka chai. Ukihamia pale hurudi. Unafutwa vumbi kila asubuhi mpaka siku yako ifike.

Lakini alikuwa hana wasiwasi. Hospitali alikuwa anakwenda chooni mwenyewe na kutoka mwenyewe. Wiki kadhaa za jasho, za kuanguka kwenye godoro na kuamka, zilimfikisha hapo. Muuguzi alimwambia, "Mama, wewe nakuruhusu kwa sababu hiyo moja, vinginevyo ningekubakiza." Ijumaa ilikuwa mtihani ambao alishafaulu.

Basi Jumapili asubuhi akaenda. Redio alimshusha kutoka kwenye ule mlima wa kitanda, akamvusha kwenye lile pori la zulia, akamfikisha. Matroni akashika chuma, akasimama vizuri kabisa, akamfukuza Redio nje, akageuka taratibu kama alivyofundishwa, akakaa. Safi.

Kusimama sasa.

Akajivuta mbele, akakanyaga kwa mguu mzima, akajisukuma. Hakuna kitu. Akajaribu tena, makalio yakainuka kidogo, yakaghairi. Akajaribu mpaka jasho likamtoka kwenye nyusi, na mwisho ikabidi afanye kitu ambacho hospitali alishakiacha kabisa.

"Redio!"

Redio akaingia, akamshika kwapani, akamnyanyua kama gunia la mkaa. Alikuwa anaongea tu: habari za jirani aliyenunua gari bila kujua kuendesha, habari za rafiki yake aliyeachwa kwa ujumbe wa simu. Matroni hakusikia hata moja.

Jumatatu ikawa vile vile, na Jumanne vile vile. Akawa anakunywa maji kama ndege ili asiende huko mara nyingi. Chai anaikataa. Embe, ugonjwa wake wa siku zote, anasema limemchosha. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba alijilaumu mwenyewe. Nimerudi nyuma, akawa anawaza. Mwili umenisaliti. Kule walikuwa wananitia moyo tu, labda yule muuguzi alikuwa ananishika kiuno bila mimi kujua.

Redio naye, bila ubaya wowote, akatangaza. Jumanne jioni Bosi akapiga simu kuuliza hali, na Matroni akamsikia binti yake jikoni akisema: "Kula anakula, kuongea ndiyo usiseme, ila kule kwingine mpaka nimnyanyue." Kimya kidogo. "Ndiyo, kila mara." Kimya tena. "Ee, mwambie wifi aandae tu mashuka."

Mashuka! Matroni akakaza macho kwenye dari. Bosi ameshaanza kutandika.

Ilikuwa Jumatano mchana ndipo alipogundua. Amekaa palepale kwenye kiti cha enzi, Redio yuko nje ya mlango anapiga soga na simu yake, na Matroni hataki kumwita. Akafumba macho. Akajiambia, hebu tulia, jifanye uko hospitali. Mwanamke, inama mbele. Mguu chini. Mkono...

Mkono wa kulia ukaenda wenyewe pembeni, ukapapasa, ukagusa kigae baridi. Ukapapasa tena. Kigae. Ua la kigae.

Matroni akafumbua macho. Kulia kwake palikuwa na maua tu. Akageuza shingo upande wa pili. Chuma kile pale, kinang'aa, kinabeba ng'ombe, kiko upande wa kushoto, kando ya mkono wake uliolala mapajani kama samaki sokoni.

Akakitazama sana. Kisha akaelewa. Ukiingia umekitazama choo, chuma kiko kulia. Ukigeuka kukaa, na hakuna binadamu anayekaa chooni akitazama ukuta wa nyuma, chuma kinahamia kushoto. Hata mtoto wa chekechea angejua, ilimradi tu akae.

"Redio," akaita, sauti imebadilika. "Hebu ingia. Zima hiyo simu. Siku ile chuma kinafungwa, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo! Mama, nilisahau kukusimulia!" Redio akaegemea sinki, macho yakawaka. Habari mpya, au hata ya zamani ambayo haijasimuliwa, humpa huyu binti joto kama homa. "Yaani ungekuwepo ungecheka ufe. Kaka Bosi alisema tufanye jaribio kabisa, tusibahatishe. Mjomba akawa wewe! Akakaa kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kushoto amekunja hivi, mdomo kaupinda..."

"Mdomo wangu haujapinda."

"Ndiyo nilimwambia! Akasema ni kwa ajili ya uhalisia. Kaka akamsukuma kutoka sebuleni mpaka humu. Fundi yupo na mashine yake. Mjomba akafika hapo mbele ya choo, akainua mkono wa kulia, akasema, 'Hapa! Fundi, toboa hapa!' Fundi akatoboa. Wakapigiana makofi."

"Halafu akakaa?"

"Nani?"

"Mimi. Yaani yeye. Alipokuwa mimi, alikaa chooni?"

Redio akamtazama mama yake kama aliyesikia tusi.

"Mjomba akae chooni mbele ya Kaka? Na mimi nipo? Na fundi yupo? Mama! Si tungekufa wote kwa aibu? Walipofika tu hapo kwenye choo kila mtu akatazama dari. Fundi mwenyewe akasema, 'Mengine yanaeleweka.'"

Matroni akaanza kucheka. Alicheka upande mmoja kwanza, kisha upande wa pili ukajaribu kufuata, mpaka Redio akaogopa kwamba ni kiharusi kingine. Kumbe hajarudi nyuma hata hatua moja. Amerudi tu kwa watu wenye adabu.

"Sasa nisikilize. Mpigie kaka yako, mwambie chuma kiko upande mbaya. Kihamie ukuta wa maua kabla ya Ijumaa."

"Nimwambie kiko upande mbaya kivipi?"

"Kwamba nikikaa kinakuwa kushoto."

Redio akafungua mdomo. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kituo kikakosa mawimbi.

"Nimwambie Kaka habari za... za wewe umekaa..." Akajifunika uso kwa viganja. "Mama, siwezi. Kaka Bosi ni kama baba kwangu. Hapana, siwezi, mwambie wewe."

Binti huyu huyu alitangaza kwenye kundi la familia kwamba Mama amefunga choo siku kadhaa, na akaweka na alama za kuomba dua.

Haya, Matroni akajaribu mwenyewe. Alhamisi jioni Bosi na Mjomba walikuja, wakala pamoja naye pembeni ya kitanda, sahani mapajani. Alimwangalia mwanawe aliyemlea, aliyemtawaza kwa mkono wake huo huo, akatafuta pa kuanzia.

"Mwanangu, kile chuma cha kule."

"Kipo imara?" Mjomba akadaka haraka, kijiko hewani.

"Imara sana. Ila mtu akiwa... akishakuwa kule, akishageuka kwa ajili ya..."

"Mama," Bosi akasema kwa upole, macho kwenye sahani. "Tunakula."

"Dada, mambo hayo ya kina mama mwambie Redio," Mjomba akaongeza, akakohoa, akaomba chumvi ambayo ilikuwa mbele yake.

Na Matroni, mwanamke aliyewahi kusimama mbele ya bweni zima akaeleza mambo ya miili bila kupepesa jicho, akanyamaza. Kusema mbele ya watoto wa watu ni kazi tu. Kusema mbele ya mwanao wa kiume na ndugu yako, ulimi unakuwa wa kupanga. Akala wali wake. Bosi akamwambia gari la kumchukua litakuja Jumamosi asubuhi, kwa tahadhari tu, siyo kwamba ameamua.

Ijumaa mtaalamu akafika. Alikuwa kijana mchangamfu, kitambulisho shingoni, mkoba mgongoni, na kosa moja tu: alikuwa anaongea na Bosi juu ya kichwa cha Matroni.

"Mama anakula vizuri?"

"Muulize Mama," Matroni akasema. "Yuko hapa hapa, amekaa, na masikio yote mawili anayo."

Kijana akacheka, akainama, akaomba radhi, na kuanzia hapo akajirekebisha. Akakitazama kitanda, akapiga mluzi mdogo. Akaujaribu mteremko kwa kiti kitupu, kiti kikamponyoka kikaenda kusalimia geti. Mjomba akaeleza kwamba bado saruji inazoeana. Matroni akasimama na fimbo pale ambapo zulia limekunjwa, akatembea mpaka dirishani, akarudi. Vizuri sana, akasema kijana. Sasa twende msalani.

"Ah, kule kuko sawa," Mjomba akasema upesi, akajitanda mlangoni. "Tumeshaweka kila kitu. Hakuna haja ya kumsumbua dada."

"Ni sehemu muhimu kuliko zote, mzee wangu."

"Kwa kifupi, kule hawezi," Bosi akaingilia, ametazama saa yake. "Tusimdhalilishe Mama bure. Mdogo wangu huyu anamnyanyua kila mara. Ndiyo maana nimeshaandaa chumba kwangu. Andika tu hivyo."

Andika tu hivyo. Matroni aliona mkono wa kijana ukienda mfukoni kutafuta kalamu. Aliona lile dirisha linalotazama ukuta. Akaona mkamwana wake anakuja na kitambaa cha vumbi, anatabasamu. Na kitu ndani yake, ambacho kilikuwa kimestaafu na kupewa saa ya ukutani, kikaamka kikavaa sare.

"Nyote, chooni!"

Haikuwa sauti ya mgonjwa. Redio alishaanza kutembea kabla hajajua anakwenda wapi. Bosi akanyoosha tai. Hata kijana wa hospitali akaficha kalamu.

Wakajipanga kwenye ule mlango mwembamba, wote wanatazama dari kama watalii. Matroni akaja nyuma kwa fimbo yake.

"Mwenye ramani nani? Mjomba. Kaa."

"Kaa wapi, dada?"

"Hapo pana kiti kingine? Funika mfuniko, kaa na suruali yako, hakuna anayetaka kuona kitu."

"Dada, mimi goti langu hili..." Mjomba akaanza kurudi kinyumenyume, akatoa simu ambayo haikuwa imelia, akaiweka sikioni. "Haloo? Haloo? Ngoja nitoke nje, mtandao mbaya." Akapotea.

"Sawa. Bosi, kaa wewe."

"Mama..."

"Unataka kunihamisha kwenye nyumba yangu kwa sababu ya hicho choo, na kukikalia unaogopa? Kaa!"

Bosi akakaa. Tai, shati jeupe, viatu vinavyong'aa, juu ya mfuniko wa choo, magoti yamebana kama binti wa bweni siku ya kwanza. Redio akauma mtandio wake asicheke. Matroni akauchukua ule mtandio, akamwambia amfunge kaka yake mkono wa kushoto kiunoni, ubane.

"Huo umekufa. Na mguu wa kushoto umekufa, ukikanyagia nakuona. Sasa simama."

"Rahisi tu," Bosi akasema. Akainama mbele, akajisukuma. Akarudi chini, puu. Akakunja uso. Akajaribu tena, mguu wa kushoto ukataka kusaidia, kijana wa hospitali akaukanyaga kidogo kwa kiatu, kitaalamu kabisa. Bosi akapeleka mkono wa kulia pembeni kutafuta pa kushika. Kigae. Akapapasa ua, kidole kikateleza. Akageuza kichwa, akakiona chuma upande wa pili, akajipinda kukifuata kwa mkono wa kulia mpaka akabaki kama nguo iliyokamuliwa, jasho puani.

"Kiko..." akasema.

"Kiko wapi, baba?"

"Kiko upande mbaya."

"Aa! Sasa hatuli tena, tunaweza kuongea?"

Bosi alijaribu mara moja zaidi, kwa hasira, akaangukia pale pale. Kisha akanyoosha mkono kwa mdogo wake, akasema kwa sauti ndogo ambayo ofisini hawajawahi kuisikia.

"Redio, nivute."

Matroni akamgeukia kijana wa hospitali. "Andika, mtaalamu. Huyu hajimudu. Mpaka anyanyuliwe. Sasa sijui tumhamishie kwa nani, mimi chumba sina, nimewekewa kitanda sebuleni."

Redio akaachia kicheko kilichokuwa kimemkaba, na kijana wa hospitali akageuka ukutani, mabega yanatikisika. Bosi alikuwa bado amekaa, bado amefungwa. Alimtazama mama yake usoni, na alikuwa haoni tena mtu wa kuandaliwa mashuka.

"Siku zote hizi ulikuwa unahangaika na hiki?"

"Siku zote."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulitaka chumvi," Matroni akasema. "Au ilikuwa Mjomba?"

Bosi akafunguliwa. Matroni akakaa mahali pake, naye kijana akaleta kiti kizito cha mbao kutoka jikoni, akakisimamisha upande wa kulia, akaketi juu yake mwenyewe ili kisiyumbe, akamwambia ashike mgongo wa kiti. Matroni akainama. Mguu chini. Mkono ukabana mbao. Akasimama. Kimya, bila kuguna, bila Redio, wima, macho yake sawa na tai ya mwanawe.

"Chuma kikihama, mimi sina neno," kijana akasema. "Na kitanda kishuke, kirudi chumbani. Zulia liondoke. Ule mteremko, sijui niseme nini kuhusu ule mteremko. Lakini Mama anakaa kwake."

"Kwa mwezi mmoja," Bosi akasema haraka, maana mkubwa wa bima haachi kitu bila masharti. "Halafu tunaangalia tena."

"Angalieni," Matroni akasema. "Ila mkija kuangalia, mjue mtakaa."

Fundi akaitwa mchana ule ule. Akaja amenuna, akijitetea tangu getini kwamba yeye alitoboa alipoambiwa. Mjomba naye mtandao ukawa umerudi, akasimama nyuma yake anaelekeza: kulia, siyo kulia hiyo, kulia ya mtu aliyekaa, ambayo alikuwa anaisema sasa kama aliigundua yeye. Vigae vya maua vikapasuka kimoja baada ya kingine. Redio, katikati ya vumbi, alikuwa ameshasimulia mpaka kwa muuza duka kwamba Kaka Bosi amekwama chooni. Bosi mwenyewe alikuwa sebuleni amevua shati, anatoa matofali chini ya miguu ya kitanda, na kila alipoinama aliguna na kushika mgongo.

Matroni alikuwa ameketi koridoni na bilauri kubwa ya maji, ya pili hiyo, anakunywa kwa raha zake.

"Mama, shida yoyote?" fundi akauliza kupitia mlangoni, mashine ikiwa mkononi.

"Ipo. Fanya haraka, baba. Mwenzio hapa sijakaa kwa ajili ya picha."